Je, mtoto anayejifunza lugha kwa hadithi hukosa sarufi?

Wazazi wengi wanaofundisha watoto nyumbani huamini kwamba mtaala wa lugha unaotegemea hadithi, usio na mazoezi mengi ya kujaza nafasi, humwacha mtoto bila sarufi. Hofu hiyo si ya bure: kusoma peke yake hakumpi kila mtoto tahajia nzuri. Lakini mitaala mingi ya aina hii ina kunakili sentensi, imla na kusimulia upya, na humo ndimo nukta, herufi kubwa na muundo wa sentensi hufundishwa. Tofauti ni kwamba mwendo wake ni wa polepole tu.

Kabla ya kununua, fungua somo lolote la katikati utafute imla. Ukishaanza, linganisha daftari la mwezi huu na la mwezi uliopita. Anayeanza kusoma, hata hivyo, bado afundishwe sauti za herufi waziwazi.