Kwa nini risiti ya dukani hufutika, na kwa nini tusiulaumu wino?

Niliponunua jokofu, risiti ndiyo ilikuwa waranti yangu. Baada ya miezi kadhaa nikaona maandishi yanafifia. Nikaamini mwenye duka alitumia wino hafifu, nikaikimbiza steshenari ipigwe laminesheni. Iliingia mashineni nyeupe, ikatoka nyeusi tii. Hata jina la duka halikusomeka.

Kosa lilikuwa kudhani kuna wino. Hakuna. Fungua printa ya risiti, iwe ya mashine ya EFD (ile ya risiti za kodi) au ya kituo cha mafuta: hutakuta katriji wala utepe. Kuna roli ya karatasi, na kichwa chenye mstari wa vipasha joto vidogo sana, kwa kawaida 8 katika kila milimita. Rangi imo kwenye karatasi tangu kiwandani. Kwaruza risiti kwa ukucha, haraka, upande ulio laini zaidi: utaona mstari wa kijivu. Ukucha hauna wino. Ni joto la msuguano. Ndiyo maana roli ikiwekwa kinyume risiti hutoka tupu, kwa kuwa upande mmoja tu ndio uliopakwa dawa. Na anayesema “wino umeisha” risiti ikitoka hafifu, mara nyingi shida yake ni kichwa kichafu au karatasi duni.

Dawa yenyewe ni vitu viwili vilivyolala jirani bila kugusana: rangi isiyoonekana, na tindikali hafifu ya kuiamsha. Joto huviyeyusha, vikakutana, rangi ikatokea. Jikoni tunalijua jambo hili. Nguo yenye doa la binzari ya manjano ukiipaka sabuni, doa huwa jekundu. Hakuna aliyemwaga rangi nyekundu. Magadi ya sabuni yameigeuza ile iliyokuwepo. Sasa likamulie ndimu: linarudi kuwa la manjano. Risiti nayo ina njia ya kurudi. Mafuta ya mikononi, na vilainishi vilivyomo kwenye plastiki laini ya pochi na mafaili, huvitenganisha vile viwili, na maandishi yakatoweka. Jua pia huyafifisha. Moto mwingi hufanya kinyume: huamsha karatasi nzima, kama ilivyonipata. Kasi hutegemea dawa ya kila kiwanda. Zipo zinazofifia kwa miezi, zipo za miaka.

Printa yenyewe haina makuu. Izime, iache ipoe, ufute kichwa kwa pamba yenye spiriti kidogo, kamwe si kwa kisu. Mstari mweupe wima ukibaki baada ya hapo, huenda kipasha joto kimoja kimekufa.

Walio kaunta kutwa nawawazia zaidi. Tindikali iliyozoeleka kwa miaka mingi ni BPA, kemikali inayoshukiwa kuvuruga homoni, ambayo Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo cha asilimia 0.02 kwenye karatasi hizi tangu Januari 2020. Viwanda vingi vilihamia BPS, ndugu yake, kwa hiyo “haina BPA” si hati ya usalama. Kiasi gani humdhuru mtu bado kinabishaniwa, lakini kunawa kabla ya kula, na kutoshika risiti kwa mikono yenye losheni au sanitaiza mbichi, hakugharimu kitu.

Mfanyabiashara Tanzania anatakiwa kutunza kumbukumbu za kodi miaka 5, na risiti nyingi hazifiki huko. Yangu ya sasa naipiga fotokopi siku ileile, kisha naiweka kwenye bahasha ya karatasi, kabatini, mbali na jiko. Ile fotokopi ndiyo yenye wino kweli, wa unga.