Raigrasi imegoma kufa: tunayosema Njoro na yaliyo kweli

"Magugu yamezoea dawa." Sentensi hii utaisikia kwenye agroveti kuanzia Njoro hadi Mau Narok hapa Kenya, na ikishasemwa mazungumzo huwa yameisha. Lakini gugu halizoei dawa kama mlevi anavyozoea chang'aa. Kati ya mamilioni ya mimea ya raigrasi, gugu la jamii ya nyasi, kwenye ngano, huenda michache mno ilizaliwa na tofauti ndogo ya maumbile: dawa inakosa pa kushika, au mmea unaivunjavunja kabla haijafanya kazi. Dawa haikuleta tofauti hiyo. Iliua wenzao tu, ikawaachia shamba wazae. Ukirudia dawa ileile msimu baada ya msimu, unawachagulia mbegu.

"Basi badilisha dawa." Hapa ndipo pesa zetu zinapopotelea. Chupa mbili, rangi mbili, bei mbili, kumbe kiini, yaani kemikali inayoua magugu, ni kilekile: glaifoseti na glaifoseti. Hata viini vikiwa na majina tofauti, vinaweza kuwa vinapiga sehemu moja ya mmea, na gugu lililoshinda kimoja mara nyingi hushinda na cha pili. Lebo nyingi siku hizi zina namba ya kundi, inayoonyesha dawa inauaje. Hiyo ndiyo ya kusoma, si jina. Glaifoseti ni kundi la 9. Dawa nyingi za kuua nyasi ndani ya ngano ni kundi la 1 au la 2, kwa hiyo uwanja wa kuzungusha ni mdogo kuliko rafu za duka zinavyoonyesha. Tena kuzungusha si kinga kamili. Huko Australia, ambako raigrasi sugu iliripotiwa mwaka 1982, baadhi ilikutwa ikihimili dawa za kundi ambalo haikuwa imewahi kunyunyiziwa, maana mmea unaojua kuvunja sumu moja unaweza kuvunja na nyingine. Ndiyo maana mzunguko wa mazao, viazi au njegere baada ya ngano, unafanya kazi ambayo chupa haiwezi.

"Ongeza dozi." Glaifoseti huua kwa kuziba kimeng'enya kimoja, protini ambayo mmea unaihitaji ili uishi. Jimboni Georgia, Marekani, kuna jamii ya mchicha mwitu iliyopatikana na nakala zaidi ya 100 za jeni ya kimeng'enya hicho, kwa hiyo vimeng'enya hivyo ni vingi mno. Mimina utakavyo, hutaviziba vyote. Kupunguza dozi ili chupa ifike mbali nako ni kosa: mimea yenye usugu nusunusu inapona na kuchavushana.

Hata hivyo, si kila kilichobaki kijani ni sugu. Maji ya bwawa yenye tope hunasa glaifoseti kabla haijafika kwenye jani. Mvua ikikukuta umemaliza tu kupiga, umepiga bure. Magugu ya kila aina yakibaki kwa mistari, kagua nozeli. Ikiwa ni aina moja tu imesimama katikati ya nyingine zilizokauka, na mmea mmoja umekufa huku ule wa pembeni yake ukiwa mzima, hapo shuku usugu.

Na "hiyo ni shida ya shamba la jirani"? Kombaini ya kukodi, mashine ya kuvunia ngano, inayotoka kwake asubuhi inaingia kwako mchana, na mbegu zimejaa tumboni. Dereva atanung'unika ukimwambia aisafishe kwanza. Mwache anung'unike.