Benki haitoi rehani

Juzi nilihudhuria kikao cha chama cha akiba na mikopo hapa Bombo, wilaya ya Luwero nchini Uganda, na kwa muda wa saa moja nikasikia neno moja likipewa maana tatu, na zote tatu si zake. Sajini mmoja mstaafu alisimama akasema benki ilimpa rehani ya shilingi milioni 40, ndiyo akamalizia nyumba yake. Hajati aliyekaa nyuma yangu akasema yeye amebakiza rehani ya miezi sita tu. Mzee mmoja wa msikitini akayafunga mazungumzo: rehani ni riba, na mwenye kumcha Mungu asiiguse. Hakuna aliyeshtuka. Sajini alikusudia mkopo, Hajati alikusudia marejesho ya kila mwezi, mzee alikusudia riba. Rehani yenyewe haikutajwa na mtu.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwasomea watu mikataba ya ardhi, kutoka Kiingereza cha mawakili kuja Kiswahili chetu. Kama hili lingekuwa kosa la sarufi tu, ningelinyamazia. Lakini nimeona watu wakipoteza viwanja kwa sababu yake.

Maana kwanza, kwa haraka. Rehani ni mali ambayo mwenyewe ameiweka iwe kinga ya deni: deni likilipwa mali inakuwa huru, lisipolipwa mdai anaweza kuiuza ajilipe. Mkopo ni fedha. Riba ni nyongeza juu ya fedha. Marejesho ni mafungu unayopeleka kila mwezi. Rehani ni kile kiwanja, au nyumba, kilichosimama nyuma ya hayo yote. Nayo haitoki benki kuja kwako. Inatoka kwako kwenda benki.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Neno lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu, rahn, na ndani yake mna maana ya kitu kushikwa mahali, kisiondoke mpaka jambo fulani litimie. Wanaosoma Qurani wamekutana nalo zaidi ya mara moja. Katika Suratul-Baqara, mara tu baada ya ile aya ndefu kuliko zote, inayoamuru madeni yaandikwe, inakuja aya ya 283: mkiwa safarini na hamkumpata mwandishi, basi ziwepo rehani za kukabidhiwa. Katika Suratul-Muddathir aya ya 38 inaelezwa kwamba kila nafsi imefungika, imekuwa rehani, kwa yale iliyoyachuma. Na iko ile habari maarufu kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alifariki dunia dirii yake, yaani vazi lake la chuma la vita, ikiwa rehani kwa Myahudi mmoja, kwa ajili ya shayiri ya watu wa nyumbani kwake. Tazama hapo nani alitoa nini. Myahudi alitoa shayiri. Mtume aliweka dirii. Sijamsikia mwalimu wa madrasa hata mmoja akisema kwamba Mtume alipewa rehani. Na dirii ile, ijapokuwa ilishikwa na mtu mwingine, ilikuwa bado ni dirii ya Mtume.

Kiswahili chenyewe kimetuwekea ulinzi, tukikisikiliza. Rehani huwekwa, na rehani hukombolewa. Haikopwi, hailipwi, haikatwi kwenye mshahara. Kinacholipwa ni deni, na deni likiisha ndipo mali inakombolewa, kwa kitenzi kilekile tunachokitumia kwa mateka. Baganda jirani zetu wanalo neno lao, omusingo, nao pia huuliza umeweka nini kwenye omusingo. Aliyeweka ni mwenye mali.

Kiingereza ndicho kilichotuvuruga. Siku hizi Waingereza wenyewe huuita mkopo wa nyumba kwa jina la rehani, nasi tukaliokota hivyo hivyo: mogeji (mortgage) ikawa fedha, na aliyetaka kulisema kwa Kiswahili akafungua kamusi, akakuta rehani, akalitumia pale ambapo angesema mkopo. Ajabu ni kwamba hata neno hilo la Kiingereza halikuanza hivyo. Limetoka Kifaransa cha zamani, mort na gage, yaani kifo na rehani: rehani mfu. Edward Coke, mwanasheria na jaji wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1634, alieleza kwamba iliitwa hivyo kwa sababu mkopaji asipolipa, ardhi imekufa kwake. Na akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji. Maelezo hayo yalifaa zama zile, maana katika sheria ya kale ya Uingereza mkopaji aliihamisha ardhi ikawa ya mkopeshaji, kwa ahadi kwamba atarudishiwa akilipa siku iliyotajwa. Siku ikipita, basi.

Sheria yetu haiko hivyo, na hapa naomba msomaji asipite mbio. Sheria ya Rehani ya Uganda ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba rehani ni kinga ya deni tu, haihamishi umiliki. Hati yako ikikaa kwenye kabati la benki, jina lililo kwenye kitabu cha ardhi bado ni lako. Kinachoongezeka ni maandishi yanayoonyesha kwamba ardhi hii ina mzigo, kiasi kwamba yeyote atakayefanya upekuzi kabla ya kununua ataukuta. Kwa hiyo anayesema "kiwanja changu sasa ni cha benki" amejinyang'anya mwenyewe kabla ya kunyang'anywa. Nimewaona watu wenye imani hiyo wakikaa kimya ilani zilipowafikia, kwa sababu moyoni walikwisha kukubali kwamba mali si yao. Sheria inampa mdaiwa siku 45 za kazi za kurekebisha baada ya ilani kwamba ameshindwa kulipa. Zikipita, mkopeshaji akitaka kuuza, lazima atoe ilani nyingine ya siku 21 za kazi. Siku hizo zimewekwa kwa ajili ya mwenye mali, na mwenye mali ni wewe.

Na hata mnada ukifika, mali ikauzwa kwa zaidi ya deni na gharama zake, kinachobaki si cha benki. Kinarudi kwa mwenyewe. Kama benki ingekuwa mmiliki, ingekurudishia nini?

Kwenye mikataba ya Kiingereza majina mawili ya wahusika, mortgagor na mortgagee, yanafanana mpaka hata waliosoma hujikwaa, kwani yanatofautiana mwishoni tu. Mara ngapi nimemsikia mtu mwenye digrii akiyageuza! Kwa Kiswahili mimi huandika mweka rehani na mwekewa rehani, na sijapata mtu aliyeniuliza mara ya pili yupi ni yupi. Mweka rehani ni mwenye ardhi. Mwekewa ni benki.

Sasa madhara. Mweka rehani na mkopaji si lazima wawe mtu mmoja. Unaweza kuweka ardhi yako kwa deni la mwingine, na jambo hili hapa kwetu ni la kila siku: ndugu ana biashara lakini hana hati, anaomba hati yako "kwa muda tu", unasaini karatasi za benki, au unasaini hati ya kumpa yeye uwezo wa kusaini kwa niaba yako. Miaka michache iliyopita mama mmoja alikuja kwangu akiwa na ilani ya mnada imekunjwa ndani ya kanga. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikuchukua hata shilingi moja. Rehani alipewa shemeji yangu."

Nilimsomea karatasi zile mara mbili. Alikuwa anasema kweli kuhusu shilingi. Lakini kuhusu rehani, alikuwa ameigeuza. Shemeji alipewa mkopo. Rehani aliitoa yeye, kwa saini yake, kwa kiwanja chake. Siku alipoitwa kusaini, mtu alimweleza kwamba "rehani ni ya shemeji", naye akaelewa kwamba yeye ni shahidi wa deni la mtu. Laiti angeambiwa "wewe ndiye unayeweka rehani", angeuliza: naweka nini? Swali hilo moja lingetosha kumrudisha nyumbani na hati yake.

Mambo ni hayohayo kwa wanandoa. Nyumba ambamo familia inaishi haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na ridhaa hiyo inatakiwa iwe ya maandishi. Mke anaitwa, anaambiwa mume amepata rehani, anampongeza, anasaini. Kumbe alikuwa anaombwa ruhusa ya kuweka paa la watoto wake. Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi pengine. Neno tu lilikaa upande usio wake.

Halafu kuna wakopeshaji wa mtaani. Hapa kosa linageuka kuwa mtego, maana wapo wanaolipenda lilivyo. Mtu ana shida ya milioni 3, anapeleka hati yake, anaambiwa asaini "karatasi za rehani". Karatasi zenyewe ni mkataba wa mauzo, pamoja na fomu ya kuhamisha umiliki iliyoachwa wazi sehemu ya tarehe. Mkopaji anaondoka akidhani ameweka. Kwenye karatasi ameuza. Tofauti ya kuweka na kuuza ni hiyo niliyoitaja: aliyeweka ana haki ya kukomboa, ana ilani, na mali ikiuzwa ana haki ya kilichozidi. Aliyeuza hana hata kimoja. Mahakama zinaweza kuutazama undani wa shughuli na kusema hili lilikuwa deni, si mauzo, lakini kufika huko kunagharimu miaka na fedha, na mtu aliyekopa milioni 3 hana vyote viwili. Ukiambiwa unasaini rehani, tafuta kwenye karatasi deni liko wapi na tarehe ya kulipa iko wapi. Karatasi isiyotaja deni, bali muuzaji na mnunuzi na bei, usiite rehani hata kama aliyeileta anaiita hivyo.

Kuhusu kibanja nitasema kidogo tu, ingawa hapa Luwero ndicho wengi wetu tunachokalia. Mwenye kibanja anakaa juu ya ardhi ya mailo, aina ya umiliki wa kudumu wa ardhi huku Buganda, yenye hati kwa jina la mtu mwingine. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamruhusu kukiweka rehani kibanja chake, ila kwa ridhaa ya mwenye hati. Mkopeshaji anayepokea makubaliano yako ya kununua kibanja na kuyafungia droo, bila mwenye mailo kujua, hajakufanyia jambo la kisheria lililokamilika. Ameshika karatasi.

Na yule mzee wa msikitini? Huyu nilimwonea huruma kuliko wote, kwa kuwa nia yake ni njema na kosa lake linamnyima jambo ambalo dini yake haikumnyima. Riba imekatazwa, hilo halina mjadala kwake wala mimi siligusi. Lakini rehani imo ndani ya Kitabu chenyewe, imeruhusiwa, na Mtume aliiweka. Mtu anaweza kumkopesha jirani yake bila ziada hata senti, na bado akapokea rehani. Mtu anaweza kununua kitu kwa kulipa polepole, pasipo riba, na bado akaweka rehani. Mzee amelisikia neno likitumiwa kwa mikopo ya benki miaka na miaka, mpaka limenuka riba puani mwake. Baada ya kikao nilimfuata tukakaa chini ya mwembe, nikamkumbusha dirii na shayiri. Akacheka, akasema, "Hiyo naijua tangu chuoni." Naam, anaijua. Hakuwa ameiunganisha tu na karatasi za benki.

Sajini nilimkuta nje akitafuta boda. Nilimwambia kwa upole, kwa kuwa ni mtu mzima na nyumba ameijenga kwa jasho: "Afande, benki haikukupa rehani. Ilikupa mkopo. Wewe ndiye uliyeipa benki rehani."

Akatulia kidogo. "Kwa hiyo nyumba ni yangu?"

"Ni yako, afande. Umeiweka tu. Ila siku utakayomaliza deni, usirudi nyumbani na hati peke yake ukaona yameisha. Waambie wakupe karatasi ya kuiachilia rehani, uipeleke ofisi ya ardhi wayafute yale maandishi kwenye kitabu."

Akatoa simu yake mfukoni, akaniomba nirudie hilo neno la kuachilia, polepole, apate kuliandika.