De Sica, mwigizaji nyuma ya kamera

Kila muhula ninapoanza kufundisha uongozaji wa filamu, huwapeleka wanafunzi wangu jikoni kwanza. Ni jiko la kwenye Umberto D., filamu ya mwongozaji wa Italia Vittorio De Sica ya mwaka 1952. Mtumishi wa ndani, binti mdogo, ameamka alfajiri. Anawasha jiko, anawamwagia maji sisimizi ukutani, anaketi kusaga kahawa, ananyoosha mguu kuusukuma mlango. Machozi yanamtiririka. Ana mimba, na hasemi neno.

Binti yule, Maria-Pia Casilio, hakuwa mwigizaji. Mzee Umberto, mstaafu fukara ambaye ndiye mhusika mkuu, naye aliigizwa na Carlo Battisti, profesa wa isimu. Wengi husifu macho ya De Sica ya kuchagua nyuso za watu wa kawaida. Mimi nasifu zaidi ujuzi wake wa kuigiza. Alizaliwa Sora mwaka 1901, akapitia jukwaani, na kufikia 1932 alikuwa kipenzi cha sinema za Italia, kijana mtanashati mwenye sauti ya kuimba. Alipogeuka mwongozaji mwaka 1940, alijua mwili unavyobeba huzuni. Akiwa na watu wasiowahi kuigiza, aliwaigizia kwanza yeye mwenyewe, mpaka namna ya kuinua mkono, kisha wao wakafuata.

Ndiyo maana hakuyumba kwenye Ladri di biciclette (Wezi wa Baiskeli) ya 1948. Mtayarishaji wa Marekani, David O. Selznick, alikuwa tayari kutoa fedha ikiwa Cary Grant, nyota wa Hollywood, angekuwa mhusika mkuu. De Sica akakataa, akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani. De Sica alifanya vyema kabisa. Mke anapopeleka mashuka rehani ili baiskeli ya mumewe igombolewe, tunamwona baba anayetaka kazi ya kubandika mabango, basi. Angekuwa Grant, tungemtazama Grant.

Umberto D. haikuuza, na Giulio Andreotti, aliyekuwa serikalini, aliilaumu hadharani kwamba inaiaibisha Italia. De Sica akarudi kuigiza, kwani fedha zilihitajika na kamari nayo ilikuwa ikimla. Mwaka 1953 akawa mkuu wa kituo cha polisi kijijini katika Pane, amore e fantasia, watu wakafurika. Wapo wanaosema alijipoteza. Sikubali. Itazameni Il generale Della Rovere ya 1959, ya Roberto Rossellini: tapeli, anayeigizwa na De Sica, analazimishwa na Wajerumani ajifanye jenerali, na taratibu ujenerali ule unamwingia mpaka anaufia.

Mwaka uliofuata aliongoza La ciociara, iliyompa Sophia Loren Oscar, ya kwanza kwa uigizaji katika filamu isiyo ya Kiingereza. Loren alikulia Pozzuoli, jirani na Napoli alikolelewa De Sica. Mama anayeigizwa na Loren anapolirushia jiwe gari la wanajeshi, kisha akaporomoka vumbini akilia, natazama mikono yake. Ni mikono ya Napoli, na aliyekuwa nyuma ya kamera aliijua tangu utotoni.