Asistoli: ule mstari mnyoofu wa kwenye tamthilia za hospitali

Skrini inalia mfululizo, mstari umelala. Daktari anashika pedi mbili za mashine ya kushtua moyo, anapaza sauti watu wasogee, mwili wa mgonjwa unaruka kitandani, na mapigo yanarudi. Inasisimua, ila hali hiyo haitibiwi kwa shoti ya umeme.

Mstari ule ndio asistoli: moyo hauna umeme wowote wa kuukaza, kwa hiyo hausukumi damu. Katika moyo mzima, umeme huanzia kwenye nodi, yaani kifundo kidogo cha seli kilicho sehemu ya juu ya chumba cha juu cha upande wa kulia wa moyo, na kusambaa hadi vyumba vya chini. Watazamaji wengi hudhani mashine ya kushtua moyo huwasha mtambo huo ukizimika. Kazi yake hasa ni kuzima. Kuna aina nyingine ya moyo kusimama ambapo nyuzi za misuli ya vyumba vya chini hutetemeka kila moja kivyake, na kwenye skrini huonekana mistari iliyovurugika, haina mpangilio. Shoti hunyamazisha vurugu hiyo yote kwa mpigo mmoja, ili nodi ipate nafasi ya kushika tena usukani. Kwenye asistoli hakuna vurugu ya kunyamazisha.

Basi madaktari hufanya nini? Kwanza hukagua nyaya. Waya ukichomoka nao huchora mstari, tena ulionyooka kama rula, wakati asistoli ya kweli mara nyingi huyumba kidogo. Wakishahakikisha, hubonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, humpa mgonjwa pumzi, na humchoma adrenalini miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5. Huku wakitafuta kilichousimamisha moyo: kuvuja damu, kukosa oksijeni, potasiamu kupita kiasi, sumu. Ni kazi ya jasho, na mbavu huweza kuvunjika. Mwigizaji hawezi kumbonyeza hivyo mwenzake aliye mzima, ndiyo maana kwenye tamthilia utaona viwiko vimekunjwa na kifua hakizami.

Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliochunguza vipindi vya ER, Chicago Hope na Rescue 911. Kati ya waliofufuliwa humo, asilimia 75 mioyo yao ilirudi kupiga, na asilimia 67 walionekana kufika hadi kuruhusiwa kwenda nyumbani. Katika maisha halisi hata hospitalini wengi hawafiki huko, na mwenye asistoli ana nafasi ndogo zaidi kuliko yule mwenye mtetemeko. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo tamthilia zinapodanganya zaidi, kuliko hata kwenye zile pedi, maana ndugu wa mgonjwa huja wodini na matumaini waliyoyapata kwenye televisheni.

Tusichanganye pia asistoli na shambulio la moyo, ambalo ni mshipa wa damu wa moyo kuziba. Mgonjwa huyo anaweza kuwa macho, anaongea.

Mashine ndogo za kushtua moyo zinazowekwa viwanja vya ndege hujisomea zenyewe mapigo kabla ya kuruhusu shoti. Zikikuta asistoli hukataa, na sauti yake humwambia anayehudumia aendelee kubonyeza kifua.