Fidla mpya ikifika, tazama daraja kwanza

Wazazi wengi wanaoniletea fidla mpya hapa Mombasa huja na shauri moja: mtoto hana kipaji, au fidla ni mbovu. Mara nyingi si hili wala lile. Fidla haijamalizwa kufungwa. Zile za bei nafuu husafirishwa nyuzi zikiwa zimelegea, daraja, yaani kibao chembamba kinachobeba nyuzi, limelazwa au limeviringishwa kwenye karatasi ndani ya sanduku. Wapo waliodhani kile kibao ni kipuri cha akiba wakakitia kwenye droo.

Daraja haligundishwi. Linasimama kwa mkandamizo wa nyuzi peke yake, kwa hiyo ni lazima likae panapostahili. Tazama yale matundu mawili ya kifuani yenye umbo la herufi f. Kila tundu lina vichanjo vidogo katikati, na miguu ya daraja hukaa kwenye mstari unaounganisha vile vya upande wa ndani. Upande wa daraja ulio mfupi uwe chini ya uzi mwembamba, Mi, na mrefu uwe chini ya uzi mnene, Sol. Uso unaotazama mkiani, pale nyuzi zinapofungwa chini, usimame wima, na miguu ilale kifuani pasipite hata karatasi.

Kila unapokaza uzi, kichwa cha daraja huvutwa mbele kuelekea ubao wa vidole, ule ambao nyuzi hubonyezwa juu yake. Usipokirudisha, daraja hupinda, na siku moja huanguka kwa kishindo. Basi kaza kidogo, tazama, lishike kwa vidole vya mikono miwili, lirudishe, halafu uendelee. Pitisha penseli kwenye vijifereji ambamo nyuzi hupita, risasi yake husaidia nyuzi kuteleza.

Urefu wa daraja ndio unaowatesa wanafunzi kuliko kitu kingine chochote. Madaraja mengi ya kiwandani huachwa marefu ili fundi ayachonge, na wauzaji hawalitaji hilo. Kwa fidla ya mtu mzima, pima kwenye ncha ya ubao wa vidole: Mi iwe juu ya ubao kama milimita 3.5, Sol kama 5.5. Zikizidi sana, mtoto anabonyeza mpaka vidole vinamuuma, na sauti bado inatoka kombo. Hapa mlipe fundi, usijaribu kisu mwenyewe. Ningeambiwa nichague kati ya kununua sanduku zuri na kuchongewa daraja, nisingefikiri mara mbili.

Ukibadilisha nyuzi, toa mmoja ufunge mwingine. Ndani ya fidla, karibu na mguu wa daraja ulio upande wa Mi, kuna kijiti kilichosimama kati ya kifua na mgongo, nacho pia hakina gundi. Nyuzi zote zikitoka kwa pamoja kinaweza kuanguka, na kukisimamisha tena kupitia lile tundu kunahitaji chombo maalumu.

Vigingi, vile vya kukazia nyuzi, navyo vina adabu yao hapa pwani. Mti hunywa unyevu ukafura, hasa masika, na kigingi kikakwama. Panda treni na fidla hiyo hiyo mpaka Nairobi, mti unakauka, vigingi vinaachia na nyuzi zinalegea zenyewe. Kinachokwama kipake sabuni kavu kidogo. Kinachoteleza kipake chaki, kisha ukisukume ndani huku ukikizungusha. Mafuta ya nazi, tafadhali, yabaki jikoni.

Kulinganisha sauti kwa programu ya simu si kubaya, ila tazama namba ya mitetemo kwa sekunde (Hz), usiamini herufi peke yake: Sol (G) 196, Re (D) 293.7, La (A) 440, Mi (E) 659.3. Programu inaweza kukuonyesha herufi ya La hata ukiwa kwenye La ya juu zaidi au ya chini zaidi, yaani si oktava inayotakiwa, na Mi ndiyo hukatika kwanza. Kama mtoto anasomea muziki wa Kiarabu, muulize mwalimu kabla ya kukaza chochote, maana wapigaji wengi wa muziki huo hufunga Sol, Re, Sol, Re.

Upinde mpya hautoi sauti. Singa za farasi zikiwa safi huteleza juu ya uzi tu, na hapo ndipo simu zinapoanza kuniingia usiku. Zinataka rozini, ule utomvu wa msonobari uliogandishwa. Rozini mpya ina uso wa kung'aa kama kioo. Ukwaruze kwa msasa laini, kisha pitisha singa juu yake mara nyingi, mwanzo mpaka mwisho, hadi upinde uume uzi. Kaza upinde mpaka kati ya singa na mti papite penseli. Ukimaliza kupiga, ulegeze. Singa zisiguswe kwa mikono.

Fidla isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa muda wa kungoja feri Likoni. Fidla nyingi zimeunganishwa kwa gundi ya ngozi, na joto likichanganyika na unyevu huiachilia.

Siku za mwanzo nyuzi mpya hunyooka na sauti hushuka kila saa. Zikaze tu, huku ukilitazama daraja. Lakini ukisikia mlio wa kukereza ambao haukuwepo, au ukaona kiungo kimefumuka ubavuni, legeza nyuzi zote kidogo bila kuzitoa, umpelekee fundi.