Je, picha ya kati huchorwa katikati?

Niliwahi kuamini kwamba mchoraji wa picha za kati katika katuni za Kijapani, yaani zile zinazojaza mwendo kati ya picha kuu mbili, hahitaji akili nyingi: anapewa picha mbili, anapitisha mstari katikati, basi. Kisha nikajaribu kuchora mlango.

Uchore kama unavyoonekana kwenye ramani ya nyumba, yaani kwa kuutazama kutoka juu. Mlango uliofungwa ni mstari mmoja. Ukifunguliwa nyuzi 90, ni mstari mwingine kutoka bawaba ileile. Sasa shika rula, unganisha ncha mbili hizo, tia alama nusu ya njia, kisha chora mlango wa kati uishie hapo. Upime. Umebaki na asilimia 71 ya urefu wake. Mlango wa mbao umenywea! Kosa ni la rula, kwa sababu ncha ya mlango haikati njia ya mkato. Huzunguka bawaba kwa upinde.

Kichwa kinachogeuka kina mambo hayohayo. Pua nayo huzunguka, na ukiifuata kwa rula unapata uso uliobonyea. Kwa hiyo mchoraji huweka karatasi juu ya meza yenye taa, huzisogeza mpaka nyuso mbili zikaribie kulaliana, ndipo hutafuta mstari wa kati. Isitoshe, “kati” mara nyingi si nusu: bembea hukawia kileleni, hivyo picha za huko husongamana. Mchoraji wa picha kuu huacha kipimo kidogo pembeni kuonyesha nafasi hizo.

Picha kuu huitwa genga, za kati doga. Ajabu ni kwamba mtu wa doga huichora upya hata genga kwa mstari safi, kwa hiyo mistari unayoiona kwenye runinga kwa kawaida ni yake.

Malipo kwa kawaida huhesabiwa kwa mchoro. Utafiti wa JAniCA, chama cha wachoraji katuni wa Japani, uliotolewa 2015 ulipata kwamba watu wa doga hupata wastani wa takriban yeni milioni 1.1 kwa mwaka, ingawa hao ni waliojibu dodoso tu, na wengi katika kazi hii ni wanaoanza. Hayao Miyazaki, mwongozaji maarufu wa filamu za katuni, alianzia kwenye doga, katika studio ya Toei, mwaka 1963. Siku hizi sehemu kubwa ya doga hupelekwa Korea Kusini, China na Ufilipino.

Wengine hupanda kwenda genga. Wachache hubaki na kuwa wakaguzi: kutwa wanapekua karatasi kwa vidole, wakiwinda mlango ulionywea.